Takwa kwa Maji ya Bamvua

Alhamisi, usiku

Sebule haina pa kukanyaga. Mahema mawili, mikeka mitatu, seredani, nusu gunia la makaa, sufuria tatu, kapu la nazi na vitunguu, na madumu manne ya maji, lita 20 kila moja. Sisi ni watu sita na twaenda Takwa, mji wa kale kisiwani Manda, mkabala na Lamu yetu, kwa siku mbili na ushei. Mume wangu alitaka tubebe madumu mawili tu. "Pale si kuna visima?" Visima vipo, ila maji yake ni ya chumvi. Hiyo ni sababu mojawapo Takwa imebaki magofu na Shela, kijiji cha hapa Lamu, ina watu.

Mbuzi ya kukunia nazi nimeiazima kwa jirani wa mkabala, maana yetu meno yamekwisha. Alinipa huku akichungulia vitu vilivyorundikana mlangoni mwangu.

"Mwahama?"

Nikamwambia twaenda Manda, kulala kwenye hema. Akanitazama kwa huruma. "Kwani mmegombana na mwenye nyumba?"

Simlaumu. Hapa Langoni, mtaa wetu, mtu akilala nje ni kwa joto, na hata hapo hulala darini kwake. Wanaolala porini kwa kupenda ni wageni wanaoteremka gatini na mikoba mikubwa mgongoni. Ila mimi nilichoka kuona watoto wangu wanaijua Manda kwa kiwanja cha ndege tu, kisiwa kizima kilicho mbele ya macho yao kila siku wakienda chuoni kusoma Kurani. Ndipo tukaanza mtindo huu, na hii ni mara ya nne. Mara ya kwanza tulikwenda nyuma ya vilima vya mchanga vya Shela, tukarudi nyumbani saa sita usiku kwa miguu, kitinda mimba akilia njia nzima. Matondoni ilikuwa nzuri. Kipungani mbu walitula, na sina la kuongeza.

Mama alipoanza kusikia habari hizi alisema, "Mtu huwata kitanda chakwe akenda kulala mtangani?" Jana nilipotaja Takwa alinyamaza. Akaingia chumbani, akatoka na kifurushi: leso mbili, msala, tasbihi na kijiti kirefu kilichochongoka. Sikuuliza cha nini. Mama amezaliwa Shela, na kwa watu wa Shela Takwa si magofu tu.

Mwezi umeandama leo, kwa hiyo maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku zote, yameanza. Mume wangu amefungua programu ya maji kwenye simu: kesho yajaa saa kumi na nusu alasiri. Akamwonyesha Mama. Mama hakugeuza shingo. "Mwezi mosi ni bamvua, na bamvua hujaa alasiri. Umelipia hiyo?"

Ijumaa

Baada ya swala ya Ijumaa tulipakia kwenye punda wawili mpaka ukingoni. Shemeji yangu, ami yao watoto, alikuwa na mashua yake tayari. Saa tisa tukang'oa. Kaskazi ilivuma usoni, kali, ya Januari, na kwa upepo wa mbele ungepiga bisho, kwenda pembe kwa pembe, hadi magharibi. Ami akalikunja tanga akawasha mashini. Kifungua mimba alinuna. Alitaka kushika demani, kamba ya tanga. Tulipopita gati ya kiwanja cha ndege kitinda mimba akauliza kama tumefika. Akauliza tena mara nne.

Takwa huendewa kwa mkono wa bahari unaoingia ndani ya Manda katikati ya mikoko. Maji yakijaa ni mto mpana, wapita na mashua yako kama bwana. Yakipwa ni tope. Ndiyo maana safari hii haipangwi kwa kalenda ya shule wala ya kazini. Kwanza tulitazama mwezi, kisha tukatafuta Ijumaa iliyoangukia bamvua, na ikatuchukua miezi miwili kuipata.

Ndani ya mkono upepo ulikatika ghafla, kama mtu aliyefunga dirisha. Ami akazima mashini, akatia pondo. Hapo watoto walitulia wenyewe. Wa kati, aliye na miaka 11 na anayetaka kila kitu kiwe na jina, akaanza kuuliza, na Ami akamjibu bila kuacha kusukuma. Ule wenye magoti marefu yaliyoingia majini ni mkoko wenyewe. Ule wenye vijiti vinavyochomoza topeni kama kalamu ni mchu. Kule nyuma, mwembamba, ni mkandaa. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii yetu, na dari ya nyumba tuliyotoka imeshikwa nayo. Babu yake Ami alikuwa akipakia boriti kwenye majahazi ya Arabuni, zikihesabiwa kwa korija, 20 kwa 20. Mtoto akahesabu kwa sauti miti ya ukingoni hadi akafika korija tatu, akachoka.

Tulifika saa kumi. Mlinzi wa makumbusho alikuwa na habari zetu, ruhusa tuliiomba mapema. Ami hakukaa hata kunywa maji. Aligeuza chombo maji yangali yakijaa, akasema, "Jumapili alfajiri. Maji yajaa saa kumi na moja u nusu. Saa moja tuwe njiani, shemeji. Saa moja." Alinitazama mimi, si kaka yake. Ananijua.

Hema la watoto lilisimama vyema. Letu, ambalo mume wangu alilinunua mtumba kwa mtu aliyeapa ni zima, lilikuwa na nguzo moja badala ya mbili. Tukatafuta mti, tukaukata kwa kisu cha vitunguu, haukutosha. Mwisho tukalifunga ncha moja kwenye mti ulio hai, na likasimama kama ng'ombe anayejikuna. Vigingi navyo havikushika kwenye mchanga. Mume wangu alijaza mchanga mifuko minne, akaifunga kamba, akaifukia kama nanga. Nakiri ilikuwa akili, na upepo wa usiku haukuweza kitu.

Mama hakutaka hema. Alitandika mkeka wake mahali peupe, mbali na mibuyu. "Chini ya mbuyu hakulalwi." Watoto walitaka aseme ni kwa sababu ya majini. Akawaambia ni kwa sababu ya mabuyu, yaangukapo hayabishi hodi.

Chakula kilikuwa wali wa nazi niliopika nyumbani na samaki wa kukaanga. Usubi walikuja na magharibi, wakaondoka na upepo. Usiku wa mwezi mosi hauna mwezi, ukishatua umetua. Nyota zilikuwa nyingi hata kitinda mimba akaogopa, akasema zimeshuka. Mama akamlaza kifuani akamwonyesha Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota utosini. Akamwambia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Mtoto akasema yeye anaona nyota sita. Wa kati akaona saba. Wakabishana hadi wakalala, na mimi nikahesabu nikapata tano, nikajua nahitaji miwani.

Jumamosi

Mume wangu aliwasha moto akatengeneza chai. Ni jambo dogo, lakini naliandika kwa kuwa nyumbani sijaliona tangu mwaka jana.

Njia ya kwenda bahari kuu hupita kichakani, mwendo wa dakika 10 au 15. Unatoka kwenye mikoko iliyonyamaza unaingia kwenye ngurumo. Kaskazi inaupiga ufuo huo, mawimbi yana kifua, na niliwaambia watoto magotini ndiyo mwisho wao. Ufuo hauna mtu. Una takataka lakini, zilizoletwa na mkondo: chupa zenye maandishi yasiyosomeka, kamba za nyavu, na ndara. Ndara nyingi ajabu, zote za mguu mmoja mmoja. Kifungua mimba alianza kuzipanga kwa rangi. Akakumbuka Flipflopi, lile jahazi lililoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya ndara kama 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018 naye alikuwa mdogo, begani kwa baba yake. Mwaka uliofuata likaenda hadi Zanzibar. Alitaka tujaze gunia. Tukajaza gunia lililotolewa makaa, na kukawa na nusu saa nzima ya ugomvi juu ya nani atalibeba.

Maji yalikuwa yamepwa sana, mawe yote nje. Mama akachukua kile kijiti chake.

Sijamwona Mama baharini tangu nikiwa na miaka kumi. Ana magoti mabovu, ngazi za nyumba huzipanda kwa kuhesabu. Alifunga leso moja kiunoni na nyingine kichwani, akavaa viatu vya mpira vya mume wangu, akaingia kwenye mawe akitembea polepole, ameinama kidogo, haangalii mbele wala nyuma. Watoto wakamfuata. Akawaambia wasimtie kivuli. Nikadhani anatafuta chaza.

Akasimama kwenye tundu ambalo mimi nililiruka bila kuliona. "Tazamani mlango wakwe." Mbele ya tundu palikuwa na makombe yaliyovunjwa na vijiwe vilivyopangwa, kama uchafu uliofagiliwa kizingitini. Pweza hula nyumbani na kutupa maganda mlangoni, akasema, kwa hiyo ukitaka kumjua tazama jaa lake. Akaingiza kijiti, akakitikisa taratibu, akangoja. Akakitikisa tena. Kitu kikashika. Mama hakuvuta, alimwacha avute yeye, na kila akivuta alikuwa anatoka. Mkono mmoja, wa pili, kisha kichwa chote kikamiminika nje ya tundu kikigeuka rangi, kahawia, kijivu, kahawia. Mama akamdaka, akamng'ata katikati ya macho, akatema. Pweza akalegea.

Kitinda mimba akapiga ukelele. Kifungua mimba, aliyekuwa anatia ndara kwenye gunia, akaangusha gunia. Mimi nilisahau kupiga picha, na najuta, ingawa Mama asingekubali.

Alitoa wawili. Wa tatu alikuwa mdogo, akamwacha, akalipita tundu kama mtu anayepita mlango wa jirani aliyelala. Kisha akawafundisha watoto kumpiga pweza juu ya jiwe, mara nyingi, hadi alainike na povu litoke. Hiyo kazi waliipenda kupita kiasi. Nilimuuliza lini alijifunza kung'ata. Akaniambia wote walijua. Wanawake wa Shela walikuja upande huu kila bamvua, wakivuka kwa dau, na mama yake alimleta akiwa mdogo kuliko kitinda mimba wangu. "Hukuniuliza," akasema.

Tulipika mchuzi wa pweza kwa nazi. Nazi nne, mbuzi ya jirani ikafanya kazi yake, na tui la kwanza likawa zito kama cream ya dukani. Mume wangu alikula sahani tatu. Alipomaliza akaingia kwenye hema letu la nguzo moja akalala. Likamwangukia, akaendelea kulala.

Alasiri Mama akatawadha, akasema anakwenda kuzuru. Tukaenda naye wote.

Mji wa Takwa si mkubwa, umezungushiwa ukuta, na watu waliishi humo kama miaka mia mbili, tangu karibu mwaka 1500 hadi karibu 1700. Milango ya nyumba imeelekea kaskazini, upande wa kibla, hata anayetoka kwake kwenda kisimani alitoka ameelekea Makka. Msikiti wa Ijumaa ungali na kuta zake, na juu ya kibla pana nguzo imesimama ambayo sijaiona kwenye msikiti mwingine wowote. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa mwaka 1951, na baadaye kazi ikaendelezwa 1972. Nilipokuwa shule tuliletwa hapa kwa mashua ya kukodi, tukahimizwa kwa sababu ya maji, na ninachokumbuka ni soda niliyoimwaga.

Kaburi la nguzo liko nje ya ukuta. Limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria, ndio 1683 hivi. Watu wa Shela hulijia kuomba mvua. Mama alitandika msala pembeni, akasoma Yasini kwa moyo, watoto wakakaa nyuma yake bila kuambiwa. Upepo ulikuwa unavuma kwenye mibuyu. Alipomaliza, wa kati akamuuliza kama aliyezikwa humo ni babu yetu.

Mama alichelewa kujibu. Akasema yeye hana shahada ya ukoo. Anachojua ni alichoambiwa na bibi yake, kwamba watu wa hapa walichoka na maji ya chumvi na magomvi na Pate, wakavuka wakajenga Shela, kwenye vile vilima vya mchanga vinavyonywa mvua na kuitunza tamu chini. Hayo maji ya mchangani ndiyo tunayokunywa mjini hadi leo, hata yaliyomo kwenye madumu yetu. Mtoto akatazama dumu alilokuwa amelikalia.

"Kwa hivyo tumeyarudisha," akasema.

Usiku huo kifungua mimba alitoa mkeka wake hemani akalala karibu na Mama. Asubuhi hakueleza, nasi hatukuuliza.

Jumapili

Hapa pana kosa langu, na nitaliandika kwa ufupi.

Ami alifika saa kumi na moja u nusu kama alivyosema, gizani, akipiga mbiu ya kombe. Vitu vilikuwa nusu. Mimi nikaona haifai mtu atoke mjini alfajiri asipate chochote tumboni, nikawasha seredani. Kahawa. Kisha nikaona pana unga wa mahamri ulioumuka tangu usiku, itakuwa dhambi kuutupa. Mume wangu alisema, "Maji." Nikasema dakika kumi. Mama alisema, "Mai hayangoji mtu," akaenda akaketi kwenye mashua na kifurushi chake, peke yake, kama abiria aliyelipa.

Mahamri yalitoka mazuri sana. Tulipomaliza kupakia ilikuwa saa mbili kasoro robo, na mashua ilikuwa imekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia. Tulisukuma. Kifungua mimba akazama hadi mapajani, akatoka bila kiatu. Ami akatazama tope, akatazama jua, akavua kofia, akajilaza chini ya kivuli cha tanga, akasema tumwamshe saa kumi.

Saa nane nzima za kungoja. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Maji ya kunywa yalibaki nusu dumu, nikayagawa kwa kikombe cha kahawa, na nilijua bila kuambiwa kwamba mume wangu anakumbuka nani alitaka madumu mangapi, na kwamba kwa bahati nzuri mimi ndiye niliyeshinda hapo.

Lakini mkono wa bahari mtupu una mambo. Tope liliishi. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa jekundu walitoka kwa mamia, wakawa wanapunga, wote pamoja, kama watu wanaoaga jahazi. Kitinda mimba alikaa kimya saa nzima, jambo ambalo walimu wake hawataliamini, akijaribu kujua wanamwita nani. Wa kati alichora mizizi kwenye daftari la hesabu. Mama alisimulia ndoa tatu zilizovunjika Shela kabla sijazaliwa, na nyingine moja ambayo haikuvunjika na ingefaa ivunjike. Hizo siziandiki.

Saa tisa na ushei maji yakarudi. Hayakuja kwa kishindo. Kwanza mchirizi katikati ya tope ukang'aa, kisha kaa wakaanza kufunga milango yao mmoja mmoja, kisha mashua ikalalama ubao mmoja. Saa kumi u robo ikaelea. Kaskazi sasa ilikuwa nyuma yetu, na Ami bila kuombwa akatweka tanga na kumpa kifungua mimba ile kamba ya demani. Aliishika kwa mikono miwili, hakucheka hata kidogo, hadi tunaona minara ya mji.

Tuliteremsha vitu magharibi ikiadhiniwa. Jirani alikuwa mlangoni pake.

"Mmerudi salama? Na mbuzi yangu?"

Nikafungua kapu la kwanza. Nikafungua la pili. Nikamwaga gunia la ndara pale pale uchochoroni. Kisha nikaiona waziwazi kwa macho ya moyo, chini ya ule mti tulioufunga hema, ulimi wake umeelekea baharini.

Mama alikuwa ameshaketi barazani akivua vile viatu vya mpira. Akahesabu kwa vidole, bila haraka, kuanzia mwezi tatu.

"Mwambie angoje mwezi kumi na nne," akasema. "Bamvua likirudi, twaifuata."